Wenye Waume Mbele

Sauti ilitangulia. Asubuhi hiyo ukungu wa Ngorongoro ulikuwa umelala chini kama ng'ombe aliyekataa kuinuka. Aliyekuwa mlangoni hakuliona zizi, na aliyekuwa zizini hakumwona ng'ombe aliyemkamua. Ndipo kutoka ndani ya weupe ule, upande ambao siku nyingine huwa na barabara, kipaza sauti kikakoroma, kikakohoa, kisha kikanena kwa sauti ya mwanamume aliyekwisha kunywa chai:

"Akina mama, akina mama. Afya yako ni haki yako. Usione haya, usikae na ugonjwa. Njoo kliniki upimwe, huduma ni bure. Njoo na mwenza wako. Akina mama, akina mama."

Nashipai aliacha kukamua, kibuyu mkononi, akasikiliza kama mtu anayeitwa kwa jina. Gari likapita bila kuonekana. Halikusimama, maana waliolituma walilituma kupita. Ndani yake hamkuwa na daktari wala dawa. Mlikuwa na dereva, mtu wa kusema, spika mbili na betri. Afya ilipita hivyo, ikaenda kutangazwa boma jingine, nyuma ikaacha harufu ya dizeli. Kama sauti ingekuwa dawa, wanawake wa nyanda zile wangeishi milele.

Nashipai alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka zikiwa zimekomaa vya kutosha kupewa majina, na hazikupewa. Wazee wa kike walimtafutia sababu kila mmoja kwa kipaji chake: huyu alisema amekula nyama isiyo yake, yule alisema ana moyo wa kukasirika. Mwezi uliopita alikwenda kwenye zahanati ya kijiji cha chini, siku ambayo kwa bahati muuguzi hakuwa kwenye semina, naye akamtoboa kidole na kudondosha tone la damu kwenye kijikaratasi. Jibu lilikuwa kaswende.

"Ndiyo iliyokula wale wawili," muuguzi alimwambia. "Na huyu itamla usipowahi. Sindano zake hapa zimeisha. Nenda Karatu. Na uende na mumeo, maana bila mume hawakupokei."

Mtoto alikuwa anacheza tumboni wakati anaambiwa hayo. Alikuwa hajaarifiwa utaratibu.

*

Mumewe, Ngoitiko, alikuwa mtu wa minada. Akimtazama ng'ombe mara moja, alikujulisha uzito wake, umri wake na ugonjwa alioficha mwenye kumuuza. Jioni hiyo alikuwa anafunga kamba za safari ya Loliondo.

"Nina neno," alisema Nashipai.

"Kama ni sukari, nitakuja nayo."

"Si sukari, ni damu. Wamesema damu yangu ina ugonjwa, ndio uliokula wale watoto. Tunatakiwa Karatu, mimi na wewe, tuchomwe sindano."

"Mimi naumwa wapi?"

"Wamesema unaweza usiumwe popote na bado ukawa nao."

Ngoitiko alicheka hadi akaiachia kamba. "Huo ndio ugonjwa wa mjini. Hauumi, hauonekani, na unatibiwa mbali. Ng'ombe mwenye ugonjwa wa namna hiyo mimi ningemnunua."

"Mtoto huyu naye nikimpoteza?"

Hilo hakulicheka. Aliokota kamba yake, akaikagua kama ina kosa. "Nimewahi kupita pale kliniki," alisema. "Benchi zima ni matumbo. Nikae katikati yao nifanye nini, ninyonyeshe? Wewe nenda. Waambie niko safarini."

"Peke yangu hawanipokei. Ama mume, ama barua ya mwenyekiti."

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa baba mdogo wa Ngoitiko, mtu mwema ambaye hakuwahi kulala na habari ya mwenzake tumboni. Kumwomba barua ya ugonjwa wa aina ile kulikuwa sawa na kukirudisha kile kipaza sauti, safari hii kikitaja majina.

"Barua hapana," alisema Ngoitiko. "Nikirudi tutaona." Kisha, kama kila mwanamume anayeondoka akiacha jambo kubwa mlangoni, akaagiza madogo. "Wanarika wangu wakipita hapa, usiwaache na kiu. Mimi sipo, lakini mwanarika wangu akiingia, ni mimi nimeingia. Rika ni mtu mmoja."

"Mtu mmoja kwa kila kitu?"

"Kwa kila kitu. Unaijua mila au hujui?"

"Nimesikia," alisema Nashipai.

Wanaume wengi wangeepushwa na mengi kama wangejifunza kuogopa pale mwanamke anaposema amesikia.

*

Alishuka Karatu na gari la mizigo, akimwambia mama mkwe kwamba anapeleka shanga dukani. Getini Lodoare, mlango wa hifadhi, walipishana na magari ya watalii yakipanda, paa zimefunguliwa, watu wamesimama na kamera. Walikuwa wanakwenda kumwona faru. Kule chini kwenye kreta faru ana jina, ana askari wa kumlinda, na akichechemea kidogo anatafutiwa daktari siku hiyo hiyo. Hajatokea mtu akamwambia faru arudi kwanza akamlete mwenzake.

Kwenye mlango wa kliniki kulibandikwa karatasi: WALIOKUJA NA WENZA WATAHUDUMIWA KWANZA. Chini yake mtu mwenye haraka alikuwa ameongeza kwa kalamu: Asiye na mwenza akamlete. Ndani, benchi lilikuwa na sehemu mbili ambazo hakuna aliyezichora ila kila mtu alizijua. Mbele walikaa wenye waume, wanene wa fahari, wakiita wanaume wao "baba fulani" kwa sauti ya kutosha. Nyuma walikaa wasio nao.

Nashipai alikaa nyuma, pembeni mwa msichana wa Kiiraqw aliyeshika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Mara ya ngapi?" msichana aliuliza.

"Ya kwanza."

"Mimi ya tatu. Naitwa Neema, natoka Qurus. Usiku nawaka moto hapa chini, mkojo ukitoka nalia. Wananiambia nije na baba wa mtoto."

"Yuko wapi?"

"Alikuwa dereva wa watalii. Msimu uliisha naye akaisha. Nikaenda kwa mtendaji aniandikie barua, akataka jina kamili la mwanamume." Neema alitazama chini. "Mimi namjua kwa jina la gari lake."

Hakucheka, na Nashipai hakucheka.

Sista Lusia, muuguzi aliyekuwa chumbani, hakuwa mtu mbaya. Watu wabaya hulala vizuri. Alikuwa peke yake kwenye kazi ya watu watatu, miguu imevimba kuliko ya wagonjwa wake. Kwa miaka mingi alikuwa amewatibu wanawake peke yao, wakarudi nyumbani, na baada ya miezi wakarejea na ugonjwa ule ule, kama nguo unayofua halafu unaianika matopeni. Kwa hiyo wakubwa waliposema mwenza aje, aliona wamesema kweli. Kosa lake lilikuwa dogo tu: matope yalipokataa kuja, aliifukuza nguo.

"Una nini?" alimwuliza Nashipai.

Nashipai alieleza kwa Kiswahili cha shule, taratibu, akichagua maneno ya adabu. Sista Lusia alidhani haelewi. Na kama wengi wanavyoamini kuwa lugha isiyoeleweka huingia ikipigiwa kelele, aliuliza kwa sauti iliyofika hadi kwenye benchi la mbele: "Unatokwa na uchafu? Una vidonda huko chini? Vidonda, vi-do-nda?"

Benchi lilinyamaza kwa heshima, likatega sikio.

"Sina," alisema Nashipai. "Nimepimwa. Ni kaswende."

Alilitamka taratibu vile vile, na wenye waume wakasogeza magoti.

"Mume yuko wapi?"

"Loliondo."

"Basi akirudi mje wote. Nikikuchoma peke yako nimemwaga dawa."

"Sista, mtoto hawezi kungoja Loliondo."

"Dada yangu, hata mimi siwezi kuubadili mwongozo. Anayefuata. Wenye waume mbele."

*

Duka la Bi Kuluthumu liliuza shuka, vitenge na shanga, na lilinunua kazi za mikono za wanawake wa juu. Mwenyewe alikuwa mjane mwenye mwili na kicheko kikubwa, na hakuwa na subira na watu wanaolia kwenye bidhaa.

"Kaa mbali na hicho kitenge, kinachuja rangi," alimwambia Nashipai. "Wamekurudisha?"

"Wanataka mume."

"Si umpeleke mume."

"Yuko Loliondo, bibi."

"Sikusema wako, mwanangu. Nimesema mume." Bi Kuluthumu alielekeza kidevu nje, kwenye pikipiki za kukodi zilizosimama ng'ambo. "Unamwona yule wa koti la njano? Wiki iliyopita alikuwa baba wa mtoto wa Kiiraqw. Leo asubuhi alikuwa baba wa mtoto wa Kichaga. Ana moyo mkubwa yule, kila siku ya kliniki anapata familia mpya. Mpe nauli na soda."

Nashipai alimtazama yule wa koti la njano, naye akamkonyeza kama mtu aliyezoea ndoa. Kukaa pembeni mwa mgeni na kusema huyu ndiye wangu ulikuwa uongo, na yeye alitaka sindano, hakutaka uongo. Macho yake yakarudi mlangoni mwa duka. Pale, kwenye kigoda, rungu magotini, alikaa mlinzi wa duka. Jina lake Lekoko. Yeye na Ngoitiko waliingia jandoni msimu mmoja.

"Lekoko."

"Naam, shemeji."

"Wewe na Ngoitiko ni rika moja."

"Kisu kimoja, shemeji."

"Ulipokuja kwetu mvua zilizopita, ulikunywa maziwa ya nani?"

"Ya Ngoitiko. Yaani yangu."

"Ulilala nyumba ya nani?"

"Yangu hiyo hiyo. Mila ni mila."

"Na mimba hii ni ya nani?"

Lekoko alikuwa mtu wa mantiki, na aliona mwenyewe mahali mantiki ilipokuwa inampeleka, ila hakuona njia ya kutokea.

"Basi simama," alisema Nashipai. "Tunakwenda kliniki."

Bi Kuluthumu alicheka hadi akakaa kwenye robota la vitenge, kile kinachochuja na visivyochuja. "Nenda, baba kijacho, duka nitalilinda mwenyewe."

"Nitafanya nini huko?"

"Hufanyi kitu," alisema Bi Kuluthumu, ambaye hakuwahi kuona mwanamume akifanyiwa kitu kliniki. "Mwanamume kule anaonekana tu."

*

Walipoingia, benchi la mbele liligawanyika lenyewe kama nyasi kwa upepo. Nashipai, aliyerudishwa asubuhi, alipita mchana kwa mlango ule ule kama mke wa waziri. Sista Lusia alimtazama Lekoko kuanzia makubadhi hadi hereni, uchovu ukamtoka usoni.

"Kumbe amerudi? Umetoka Loliondo leo leo?"

"Njia ilikuwa nzuri," alisema Lekoko.

"Akina mama, mnamwona huyu?" Sista alimsimamisha mlangoni. "Mfugaji. Ametoka mbali, ameacha ng'ombe, amekuja na mkewe. Kawaambieni wale wa kwenu wanaocheza bao." Wanawake wakapiga makofi. Lekoko, ambaye hakuwahi kupigiwa makofi tangu azaliwe, aliinua rungu kidogo, kwa unyenyekevu.

"Jina?"

"Ngoitiko," alijibu, na hakuona kama amedanganya.

Akatobolewa kidole. Kijikaratasi kikasubiriwa. "Wewe huna kitu," alisema Sista.

"Nilijua."

"Lakini utachomwa."

Lekoko alimtazama Nashipai, na Nashipai akatazama bango la unyonyeshaji.

"Nachomwa nini, kama sina kitu?"

"Mkeo anao. Mwenza wake hutibiwa, kipimo kiseme kisiseme. Geuka, inua shuka."

Dawa ile ni nzito kama uji wa ulezi, na huingia polepole, kana kwamba inatafakari njiani. Sista alimchoma upande wa kulia, kisha upande wa kushoto. Mwanamume wa jamii yake aliyekwisha kusimama mbele ya kisu bila kutikisa kope hawezi kutikisa kope mbele ya muuguzi, basi Lekoko alikodoa macho kwenye lile bango, akamsoma mama na mtoto wake mchanga hadi akawajua kama ndugu.

"Safi. Sijaona mwanamume kama wewe," alisema Sista. "Wiki ijayo mje tena."

"Kufanya nini?"

"Ya pili. Halafu wiki ya mbele yake, ya tatu."

Hapo ndipo Lekoko alipopepesa.

Nashipai alichomwa baada yake, na alipouma meno Sista alimwinamia kwa sauti ndogo ambayo asubuhi hakuwa nayo. "Dada, huyu mwanamume ndiye dawa yako. Ungechomwa peke yako ungekwenda nyumbani akakurudishia. Ndiyo maana nawasumbua."

"Na kama asingechomwa?"

"Mtoto ungemzika," alisema Sista, akitupa sindano kwenye boksi la njano. Alilisema kwa wepesi, kwa sababu alikuwa amelisema mara nyingi.

Mtoto alipiga teke. Nashipai alishika ubavu. Sindano aliyokuwa akiililia sasa ilikuwa mwilini mwake, na mwenye kumrudishia ugonjwa alikuwa njiani anatoka Loliondo, mzima wa afya, na kilo ya sukari.

*

Ngoitiko alirudi kabla wiki haijaisha. Usiku wa kwanza alikuta mkewe amehamia nyumba ya mama mkwe, analalamika mgongo. Usiku wa pili mgongo haukuwa umepona. Asubuhi yake, alipokuwa anatafuta maneno ya kuuliza bila kuonekana anauliza, wageni wawili wakaingia bomani. Wa kwanza alikuwa Sairowua, msemaji wa rika lao, mtu mpole ambaye neno lake halikurudiwa. Wa pili alikuwa Lekoko, anatembea kama aliyetoka kupanda punda asiye na matandiko.

"Karibuni," alisema Ngoitiko. "Maziwa yaletwe."

"Maziwa yangoje," alisema Lekoko. "Na badala ya kukaa, naomba nisimame."

Kisha akaeleza. Alieleza yote, duka, benchi, makofi, hata bango. Ngoitiko alisikiliza akiwa ametulia hadi Lekoko alipofika kwenye jina.

"Ulijiita mimi?"

"Niliitwa wewe. Nikaitika."

Ngoitiko alimgeukia mkewe, aliyesimama na kibuyu. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuliokota rungu. "Ulimpeleka mwanamume mwingine mbele ya watu, ukasema huyu ndiye mumeo?"

Nashipai alirudi nyuma hatua, akaweka kibuyu mbele ya tumbo, kana kwamba kibuyu kinaweza kuzuia kitu. "Ulisema mwanarika akiingia, ni wewe umeingia. Nikakuuliza kwa kila kitu, ukasema kwa kila kitu."

"Nilisema maziwa."

"Hukusema maziwa."

Rungu likapanda.

"Liweke chini," alisema Sairowua.

"Amenidhalilisha."

"Kwa maneno yako mwenyewe. Kama hukutaka yaokotwe, ungeyatunza. Liweke chini."

Rungu lilishuka taratibu, kwa huzuni ya kitu kilichonyimwa kazi yake.

"Mimi sina kesi na shemeji," alisema Lekoko. "Kesi yangu ni wewe. Ng'ombe wako akipotea, namtafuta. Mgeni wako nikimkuta njiani, ni wangu. Maziwa yako nimekunywa na nitakunywa. Lakini sindano ile ilikuwa na jina lako, Ngoitiko, yule mama aliliita kabla hajachoma. Nimechomwa huku, nimechomwa na huku. Wiki hii wananingoja tena, na wiki ijayo pia." Alimeza mate. "Siku ile ya kisu, wewe ulituma mtu?"

Swali lile halikuwahi kuulizwa mwanamume yeyote, na jibu lake lilikuwa moja tu.

"Sikutuma," alisema Ngoitiko.

"Rika halikai likatazama mmoja akichomwa kwa niaba ya mwingine," alisema Sairowua. "Halijawahi, na halitaanza kwetu, tukaja kuchekwa na wadogo zetu. Utakwenda ukapokee cha kwako. Usipokwenda, usitukaribishe maziwa."

"Mimi siogopi sindano."

"Hatukusema unaogopa," alisema Lekoko kwa upole wa mtu anayeogopa ya pili.

Hivyo ndivyo hukumu ilivyotoka, nayo ilikuwa nzuri. Walizungumza juu ya heshima, juu ya kisu, juu ya makalio ya Lekoko kwa urefu unaostahili. Mtoto hakutajwa. Wale wawili wasio na majina hawakutajwa. Nashipai aliliona hilo na kulimeza. Haki ilikuwa imeingia nyumbani kwake kwa mlango wa nyuma, na mwenye shida haiulizi haki imepitia wapi. Akawamiminia maziwa.

*

Siku ya kliniki waliteremka watatu. Lekoko alikuja kama shahidi, na alisema hivyo mara nyingi garini ili isisahaulike.

"Ngoitiko, karibu," Sista Lusia alimwambia Lekoko kwa furaha, akivuta trei ya sindano. "Nilijua utakuja. Na huyu ni nani, shemeji yenu?"

Lekoko alitazama dari. Nashipai alitazama mumewe, na benchi lote likamtazama yule anayetazamwa.

"Mimi ndiye mume," alisema Ngoitiko.

"Mume wa nani?"

"Wa huyu."

"Baba, mume wa huyu namfahamu. Nilimchoma mwenyewe, hakupepesa. Wewe ni nani?"

Benchi lilianza kucheka, kwanza kwa pua, baadaye kwa mdomo. Mtu aliyekuwa akiwanyamazisha wanunuzi wa mnada mzima kwa kuinua kidole alisimama katikati ya matumbo yale, jasho likimtoka chini ya shuka.

"Mimi ni yule ambaye hakuja," alisema.

Kicheko kikakatika. Sista Lusia aliweka trei chini. Alimwangalia Lekoko, akamwangalia Nashipai, na jambo likamfikia polepole kama ile dawa yake nzito. "Mume wa kukodi," alisema. Akageukia benchi. "Mko wangapi humu?"

Benchi la mbele lote likapenda sakafu. Mwanamume mmoja mwenye koti la njano, aliyekaa karibu na mwanamke wa Kimeru mwenye tumbo kubwa, akapandisha ukosi hadi masikioni.

"Ungeniambia ukweli," Sista alimwambia Nashipai.

"Nilikuambia, sista. Asubuhi. Nilisema yuko Loliondo."

Sista alimtoboa Ngoitiko kidole, na kijikaratasi kikatoa mistari yake miwili upesi, kama kilichokuwa kikimngoja muda mrefu. Ngoitiko aliitazama ile mistari. Huyu hapa ng'ombe aliyekuwa tayari kumnunua. Alipoambiwa ageuke hakupepesa, ila alipumua kwa pua mara moja kama dume linaloonyeshwa mto. Aliposhusha shuka, alimsogelea mkewe na kuuliza kwa sauti ambayo hakutaka mtu aisikie, na ambayo Lekoko aliisikia: "Na wale wawili, ni hiki?"

"Ni hicho."

Alikaa kwenye benchi, katikati ya matumbo, na hakuinuka hadi mkewe alipochomwa ya pili.

Ungedhani Sista sasa ataibandua ile karatasi ya mlangoni. Aliitazama, ni kweli, tena kwa muda. Kisha akafanya afanyavyo mtu aliyebanwa na mwongozo: akauongeza. Alichukua kalamu, chini ya maneno ya zamani akaandika mapya: Mwenza aje na kitambulisho chake.

Neema wa Qurus alikuwa anatoka wakati wino haujakauka. Safari hii alikuwa hajafika hata chumbani. Alisoma karatasi ile yote, juu hadi chini, akaegemea ukuta kwa mkono mmoja, mwingine tumboni, macho makavu. Alikuwa amefika mahali ambapo hata machozi huyaoni yana kazi gani.

Nashipai alisimama. Alimtazama Lekoko, aliyekuwa amejiegemeza mlangoni kwa raha ya mtu aliyesamehewa. Lekoko aliliona lile jicho, akalitambua, na mkono wake ukaenda wenyewe nyuma ya shuka kujikinga.

"Shemeji, hapana," alisema.

"Kitambulisho unacho?"

"Ninacho, lakini shemeji."

"Mke huna, na jina safari hii litakuwa lako."

Lekoko alimtazama yule msichana aliyeegemea ukuta. Alitazama na rungu lake. Hakusema tena hapana.

Nashipai alimwendea Neema, akamshika mkono uliokuwa ukutani, na kwa sauti kubwa kama ya Sista Lusia siku ile ya vidonda, ili benchi lote lisikie, akamwambia:

"Jumatatu uje mapema, ukae benchi la mbele. Mume nakuletea mimi."